Taa Kali na Faini ya Dereva

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama madereva, utingo na mafundi, Nairobi)

Ndugu wanachama,

Halmashauri imetuagiza tuseme leo juu ya jambo moja tu, nalo ni taa za mbele za magari tunayoyaendesha. Najua wako watakaocheka. Watasema chama kina kazi ya mishahara na saa za kazi, na sasa kimeanza kazi ya kubadilisha balbu! Lakini subirini kidogo. Balbu hizi zimeingia mfukoni mwetu, na kila kitu kinachoingia mfukoni mwa mfanyakazi na kutoka na shilingi zake ni kazi ya chama.

Tuanze na habari ya mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina. Yeye huendesha gari la kupeleka mizigo kutoka mjini mpaka Kawangware na Dagoretti. Tajiri wake alinunua balbu za LED, akamwambia fundi azitie katika gari mahali pa zile za halojeni zilizokuja nalo. Dereva hakuulizwa neno. Alikuja kazini jioni, akawasha taa, akaona barabara yote nyeupe kama mchana, akafurahi. Usiku wa pili akasimamishwa na polisi katika barabara ya Ngong. Akaambiwa taa zake zinawapofusha watu, akaandikwa, akapelekwa kortini. Huko akapoteza siku mbili za kazi na akalipa faini kutoka mfukoni mwake. Alipokwenda kwa tajiri kuomba pesa zirudishwe, akajibiwa, "Nani alikuwa ameshika usukani?" Tena mwisho wa mwezi zile siku mbili za korti zikakatwa katika mshahara.

Basi ndugu, hilo ndilo lililotuleta hapa. Aliyenunua balbu hakushtakiwa, wala aliyeziuza, wala aliyezifunga. Alishtakiwa aliyeketi mbele ya usukani.

Lakini kabla hatujamlaumu tajiri, tujitazame wenyewe. Si matajiri wote wanaotia taa hizi kwa amri. Wengi wetu tumezitia kwa pesa zetu. Hata mmoja wetu katika halmashauri, ambaye ana gari dogo la kufanyia teksi siku za mapumziko, alikwenda barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee wanaiita Grogan mpaka leo, akarudi na boksi lililoandikwa lumeni 20,000. Balbu ya kawaida ya H4 iliyo nzima hutoa kama lumeni 1,000 ikiwa katika dimu. Tukamuuliza kama kweli ameamini kwamba amenunua mwanga wa balbu ishirini kwa bei ya chakula cha siku tatu. Akasema boksi ndilo lililosema hivyo. Boksi, ndugu zangu, halilipi kodi kwa kusema uwongo.

Sasa tueleze sababu ya mwanga huo kuumiza watu, maana mafundi wenyewe wako hapa na wengine wao hawajui, si kosa lao, wamejifunza kazi kwa kutazama.

Taa ya gari si balbu peke yake. Ni vitu vitatu vinavyofanya kazi pamoja: balbu, lile bakuli linalong'aa nyuma yake, na kioo cha mbele. Aliyetengeneza bakuli alijua uzi wa balbu utakaa mahali gani, akapima kwa sehemu ndogo kabisa za milimita, kisha akakunja bakuli lote kufuata mahali hapo. Itazameni balbu ya H4 kwa karibu. Ina nyuzi mbili, mmoja wa fulu, wati 60, na mmoja wa dimu, wati 55. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Wengine hufikiri ni pambo. Kikombe hicho huzuia mwanga usifike nusu ya chini ya bakuli, kwa kuwa mwanga ukipiga hapo utarudi juu, uingie machoni mwa anayekuja. Kwa hiyo dimu hutumia nusu ya juu tu ya bakuli, na mwanga wake hushuka barabarani.

Sasa toa balbu hiyo, tia kijiti cha LED chenye vidonge vya mwanga ubavuni. Mwanga hautoki tena pale pale, wala hauna umbo la uzi. Bakuli halijui kwamba umebadilisha. Linafanya kazi yake ile ile kwa mwanga uliokaa pengine pasipo pake, na mwanga unatawanyika. Mwingi unaangukia karibu ya gari, futi chache mbele ya bampa, na hapo ndipo dereva anapodanganyika. Anaona weupe mbele yake, anasema taa ni nzuri sana. Mwingine unapanda juu. Mbali, mahali ambapo mtu anayevuka anatakiwa kuonekana, mara nyingi hakuna kilichoongezeka, na jicho lililozoea weupe wa karibu linaona mbali vibaya zaidi kuliko zamani.

Zile za zenoni, za gesi, ni hivyo hivyo au zaidi. Gari lililozaliwa na zenoni lina taa yake iliyotengenezwa kwa ajili yake, na huko Ulaya kanuni inataka taa ya dimu yenye balbu ya zaidi ya lumeni 2,000 iwe na mtambo wa kujishusha yenyewe gari linapopakiwa, na mtambo wa kuosha kioo. Wale wanaozitia zenoni katika bakuli la halojeni hapa kwetu hawatii mitambo hiyo. Wanatia balbu na kuondoka.

Tumesema juu ya gari kupakiwa, na hapa tukae kidogo, kwa sababu ni shida ya kazi yetu kuliko ya mwenye gari la kwenda kanisani. Matatu ikijaa, au pikapu ikipakiwa magunia ya viazi, nyuma inashuka na pua inainuka. Taa zinainuka pamoja na pua. Taa ya halojeni iliyo sawa ikiinuka kidogo huudhi. Taa kali iliyotawanyika ikiinuka hupofusha kabisa. Magari mengi yana kitufe cha kuzungusha karibu na usukani, chenye namba 0 mpaka 3, cha kushushia taa. Ni wangapi hapa wamewahi kukigusa? Tunaona mikono ni michache! Basi kuanzia leo ukipakia mzigo, kizungushe.

Tena fikirini ni nani anayepofushwa. Tunaendesha barabara za wafanyakazi wenzetu. Tokeni Westlands mfuate barabara ya Waiyaki mpaka Kangemi na Uthiru saa moja na nusu jioni, muone wanaotembea kando na wanaovuka kurudi nyumbani kutoka kazini. Katika Kenya hakuna kundi linalouawa barabarani kuwapita wanaokwenda kwa miguu. Gari la kilometa 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliyepigwa na taa machoni huendesha sekunde kadhaa bila kuona vizuri, na yule mwenye umri mkubwa jicho lake hurudi polepole zaidi. Hesabuni mita hizo wenyewe. Katika mita hizo anaweza kuwa mama anayeuza mboga, au kijana wa bodaboda, ambaye naye siku hizi amejifunga taa za kuwaka na kuzima kifuani mwa pikipiki yake, lakini habari ya bodaboda tutaizungumza siku nyingine.

Basi sheria inasemaje? Watu wengi wametuambia, "Hakuna mahali sheria imetaja LED." Huenda, lakini sheria haihitaji kuitaja balbu kwa jina ili ikukamate. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1954, na siku hizo hapakuwa na LED katika gari lolote duniani. Kifungu cha 55 kinasema gari lisitumiwe barabarani ila liwe, pamoja na sehemu zake zote, na taa zikitajwa humo, linafuata sheria, na sehemu hizo zitunzwe wakati wote katika hali isiyoleta hatari kwa wengine wanaotumia barabara. Maneno hayo ni mapana. Taa inayompofusha anayekuja ni hatari, iwe ya LED, iwe ya zenoni, iwe hata halojeni halali iliyofungwa vibaya ikatazama mbinguni. Polisi mwenye sare ana haki ya kulisimamisha gari na kulikagua. Na matatu na magari ya biashara hupelekwa kukaguliwa kila mwaka, kazi iliyo chini ya NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Twajua pia mchezo unaochezwa: balbu za zamani hurudishwa asubuhi ya ukaguzi, na jioni zile kali zinarudi kazini. Cheti kinapatikana, lakini cheti hakimtetei dereva usiku akisimamishwa na taa zisizo zile zilizokaguliwa.

Kwingine wameandika waziwazi zaidi. Uingereza, tangu Januari 2021, kitabu cha wakaguzi kinasema taa ya gari iliyotengenezwa kwa halojeni ikitiwa balbu ya zenoni au LED, gari linaanguka katika ukaguzi wa mwaka. Ujerumani walifanya kwa njia nyingine. Mwaka 2020 waliruhusu kwa mara ya kwanza balbu moja ya LED ya kutiwa mahali pa halojeni, lakini kwa aina za magari zilizopimwa moja moja na kuandikwa katika orodha, na kama gari lako halimo ni marufuku. Tunawaambia haya ili mjue kwamba LED yenyewe si shetani. Imewezekana kutengeneza iliyo nzuri. Kilichotakiwa ni kipimo, gari kwa gari, na boksi lililonunuliwa dukani bila karatasi yoyote halina kipimo hicho.

Mtu atauliza: je, taa zangu ni hafifu kweli kweli, natoka mjini usiku sioni shimo, nifanye nini? Swali ni la haki. Hatuwezi kuwaambia madereva waendeshe gizani kwa ajili ya kutii sheria. Lakini tumezunguka gereji kadhaa, Dagoretti Corner na Kangemi, pamoja na mafundi wetu wa umeme, na jibu lao lilikuwa karibu moja: mara nyingi balbu haina kosa.

Kosa la kwanza ni kioo. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa na miaka saba au minane, na kioo cha taa zake ni plastiki. Jua limekila kimekuwa cha manjano kama jino la mvuta tumbaku. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima mwaka 2018 kikaona kioo kilichochakaa namna hiyo kinaweza kupitisha sehemu ya tano tu ya mwanga wa taa mpya. Sehemu ya tano! Ukitia balbu kali nyuma ya kioo kama hicho, ukungu wa kioo unautawanya mwanga wote machoni mwa watu. Kisugue kwa msasa laini wenye maji, kuanzia ulio mkali kidogo mpaka ulio laini kabisa, kisha king'arishe na kukipaka dawa ya kukikinga na jua. Usiposahau dawa hiyo kazi itadumu, ukisahau, baada ya miezi michache manjano yamerudi.

Kosa la pili ni waya. Balbu ya uzi hupoteza mwanga upesi sana umeme ukipungua. Volti zikipungua sehemu moja katika kumi, mwanga hupungua karibu sehemu tatu katika kumi. Gari la zamani lenye soketi iliyoungua, waya mwembamba, na waya wa athi uliofungwa kwenye chuma chenye kutu, hupoteza kiasi hicho bila mtu kujua. Fundi na apime volti pale pale kwenye balbu, taa zikiwa zimewashwa na injini inanguruma, kisha alinganishe na betri. Kusafisha athi hakugharimu kitu. Kutia rilei na waya mnene unaotoka kwenye betri ni kazi ya saa chache. Tumeona gari moja la utoaji mizigo likipata mwanga mpya kwa balbu zile zile.

Wala msidanganywe na balbu za halojeni za wati 100. Balbu ya wati 55 huvuta kama ampea 4 na nusu, ya wati 100 huvuta zaidi ya 8, na waya wa kiwandani haukukusudiwa mzigo huo. Soketi inayeyuka, na wako waliopoteza gari zima kwa moto. Na zile zilizopakwa rangi ya buluu ili zionekane kama za gari la kifahari, rangi hiyo inakula mwanga. Umelipa zaidi ili uone kidogo. Vijana wa nganya wanazipenda, na tajiri anasema abiria wanafuata gari linalong'aa. Abiria wafuatao mwanga waangaliwe kwa taa za ndani na maandishi ya ubavuni, lakini macho ya dereva anayekuja hayakununua tiketi.

Jambo jingine ni taa nzima za mitumba. Sisi twaendesha upande wa kushoto, na taa yetu ya dimu hupandisha mwanga kidogo kushoto, kwenye ukingo wa barabara, ili uone wanaotembea. Taa iliyotoka Japani ni sawa, nao huendesha kushoto. Taa iliyotoka Ujerumani au Dubai hupandisha kulia, ndani kabisa ya macho ya anayekuja, hata ikiwa na balbu halali. Ukinunua, uliza imetoka wapi, kisha iwashe mbele ya ukuta kabla hujatoa pesa.

Na ukuta huo ndio kipimo cha maskini. Simamisha gari penye usawa, mita 10 kutoka ukutani. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, utie alama ya urefu huo ukutani. Washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uwe kama sentimita 10 chini ya alama, ukipanda kidogo upande wa kushoto tu. Kama gari lina kibandiko karibu na taa chenye kipimo chake, fuata hicho. Na kama hakuna ukingo wowote, mwanga umejaa ukuta mzima mpaka juu, basi hata usipoteze wakati na bisibisi. Balbu hiyo haipatani na bakuli hilo.

Sasa turudi kwa mwenzetu wa Kawangware. Halmashauri ilikwenda kwa tajiri wake mara tatu. Mara ya kwanza hatukuonwa. Mara ya pili tuliambiwa dereva aliridhika na taa, kwa hiyo kosa ni lake, na hapo twakubali tulibanwa, kwa kuwa kweli aliridhika. Mara ya tatu tulikwenda na risiti ya balbu, ambayo utingo alikuwa ameiokota ndani ya gari, yenye jina la tajiri mwenyewe. Tukamwonyesha kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007, ambacho kinataja makato mwajiri anayoweza kukata. Anaweza kukata kwa uharibifu wa mali yake uliotokana na makusudi ya mfanyakazi. Hakikusema anaweza kumtwisha mfanyakazi gharama ya kosa lililoanzia kwa mwajiri mwenyewe. Baada ya maneno mengi amekubali kurudisha faini kwa vipande viwili, na kipande cha kwanza kimelipwa. Zile siku mbili za korti amekataa, na bado tunazidai. Balbu za halojeni zimerudishwa katika gari, kioo kimesuguliwa, na dereva anasema anaona vizuri kuliko alivyoona na zile za LED.

Kwa sababu ya habari hiyo tumechapa karatasi fupi, zipo kwa katibu hapo mlangoni, hazina bei. Ukiona taa za gari zimebadilishwa na hukuulizwa, andika namba ya gari, tarehe, jina la aliyeamuru, na kwamba umemwambia taa hizo zina hatari. Mpe tajiri nakala moja, moja ibaki kwako, moja ilete kwetu. Fanya hivyo kabla hujaingia barabarani usiku, maana karatasi iliyoandikwa baada ya kukamatwa haina nguvu. Anayejua kusoma amsaidie asiyejua. Na ukisimamishwa, sema kwa adabu, uliza kosa ni lipi hasa na uandike lilivyotajwa, usibishane barabarani.

Mafundi wetu wawili wa umeme wamekubali kukaa Jumapili hii kuanzia saa tatu asubuhi katika uwanja ulio nyuma ya gereji yetu ya kawaida, mahali penye ukuta mrefu. Watapima taa za mwanachama yeyote bila malipo. Msasa na dawa ya kioo kila mtu aje na vyake, na atakayekuja na gari la mzigo alilete likiwa limepakiwa.